Krismasi ya kwanza Moshi mkiwa wawili: mwongozo kamili wa kupanga likizo ya kwenda kwao

Mimi ni Mbondei wa Muheza, nimeolewa Marangu, Uchagani, kwenye mteremko wa Kilimanjaro juu ya Moshi. Miaka mingi nilikuwa upande wa wanaocheka: Desemba ikifika Dar es Salaam inapungua watu, foleni zinayeyuka, na sisi tuliobaki tunaambiana kwa utani kuwa Wachaga wamekwenda kwao kuhesabiwa. Mwaka nilioolewa nikajikuta na mimi ni wa kuhesabiwa.

Tulikaa siku kumi na moja. Kumi ziliishia kwenye ibada, kipaimara, harusi mbili, kikao cha ukoo na kusalimia nyumba hadi nyumba. Asubuhi ya mwisho, mabegi yako mlangoni, baba mdogo wa mume wangu akaniuliza, "Mkamwana, kihamba umeonyeshwa?" Yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba. Sikuwa nimeonyeshwa. Akatuzungusha nusu saa, mbio mbio, mume wangu akiangalia saa kila baada ya migomba mitatu. Ile nusu saa ndiyo iliyonifanya nielewe nimeolewa wapi, na niliipata kwa bahati tu. Safari zilizofuata tumezipanga kuanzia hapo, na mwongozo huu unafuata mpango huo. Nauandika kwa wawili wanaokwenda pamoja mara ya kwanza, mmoja akiwa mwenye kwao na mwingine mgeni. Wapo pia ambao wote wawili ni wageni, waliozaliwa mjini na hawajui kihamba cha babu kiko upande gani wa barabara. Na wao wamo humu.

Chagueni majira kabla ya kuomba likizo

Desemba ni ya watu, miezi mingine ni ya ardhi. Ukienda Februari au Septemba utakuta njia kavu, mlima unaonekana vizuri, na nyumba nyingi zina wazee wawili na mjukuu mmoja. Ukienda Krismasi utakuta ukoo mzima, na salamu ambazo zingekugharimu safari tano zinakwisha kwa wiki moja. Kwa mara ya kwanza mimi nasema Desemba, pamoja na kero zake zote. Pasaka iacheni kama mnaweza kuchagua, kwa sababu mara nyingi huangukia kwenye masika, na njia za juu ya lami ni utelezi ambao hata bodaboda wa huko wanashuka na kusukuma. Julai ni baridi na mawingu; mgeni wa pwani atashinda jikoni.

Kwa Krismasi, jitahidini mfike kabla ya tarehe 22. Siku mbili hizo za mwanzo, kabla nyumba haijajaa, ndizo mtakazozihitaji kwa kihamba.

Kateni tiketi ya kurudi kwanza

Watu huenda Moshi kwa kutawanyika: mwingine tarehe 15, mwingine 20, mwingine mkesha. Kurudi wanarudi wote siku moja, kwa sababu kazi na shule vinawaita kwa pamoja. Nafasi za kushuka kati ya tarehe 1 na 5 Januari ndizo zinazokwisha mapema. Tukishapata likizo, sisi tunakata ya kurudi kwanza, halafu ya kwenda.

Kateni ofisini au kwa mtandao wa kampuni yenyewe. Kijana anayekukimbilia nje ya kituo cha Magufuli pale Mbezi akikuambia kiti kipo na nauli imepanda kwa sababu ya msimu, mwache. Nauli elekezi hutolewa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na inayopanda Desemba mara nyingi ni ile ya mdomoni mwake.

Treni ipo. Ile ya Dar es Salaam hadi Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya kusimama zaidi ya miaka 20, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Haina haraka, lakini kwa wawili wanaotaka kuongea usiku kucha haina mpinzani. Haiendi kila siku, kwa hiyo ratiba iangalieni kabla ya kupanga tarehe. Ndege hutua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kati ya Moshi na Arusha. Kutoka hapo hadi kijijini mtahitaji gari, na gharama hiyo wengi huisahau.

Mkae chini mzungumze

Hatua hii haina nauli, na ndiyo tuliyoiruka. Kaeni jioni moja, mwenye kwao achukue karatasi achore ukoo: babu, bibi, watoto wao kwa mpangilio wa kuzaliwa, nani yuko hai, nani ametangulia, nani anaishi kihambani na nani yuko Dar. Mgeni aandike majina yanayotumika kuita, maana jina la kwenye kitambulisho halitakusaidia. Huyu ni Mama Nani? Yule ni baba mkubwa au baba mdogo? Mimi nilimwita shemeji mtu aliyekuwa baba mdogo kwa ukoo ingawa nilimzidi umri. Walicheka siku mbili.

Mwenye kwao aseme na yale yasiyosemwa kwenye simu: nyumba gani haziongei, shamba gani lina mgogoro, nani asiulizwe kuhusu mtoto wake. Mgeni asiyejua huingia kwenye mambo hayo na mguu wake wote.

Kama hamjafunga ndoa, ulizeni mapema mtalala wapi. Nyumba nyingi zitawapa vyumba tofauti, pengine hata nyumba tofauti, na si jambo la kubishania sebuleni. Kama hamtaki, pangeni hoteli ndogo Marangu Mtoni au Moshi mjini na mfike nyumbani mchana. Mwenye kwao ndiye aende kumweleza mama, asimwachie mgeni.

Chakula pia. Kama mmoja wenu ni Mwislamu, lisemwe kwa simu wiki moja kabla, lisingoje sufuria ifunuliwe. Nyumba nyingi za Uchagani zina ndugu au jirani Mwislamu, na huyo huitwa kuchinja mbuzi ili wageni wote wale. Kisusio ni supu yenye damu, mbege ni pombe ya ndizi. Ukiambiwa "onja tu" ujue unachoonjeshwa. Mimi si Mwislamu na kisusio bado kimenishinda. Nasema asante, nakula mtori, supu ya ndizi na nyama, bakuli mbili, hakuna aliyenuna.

Fedha na zawadi

Gaweni fedha mafungu manne: barabara, nyumbani, michango, na ya wawili. La mwisho liwekeni akaunti nyingine kabisa, kwa sababu la michango halina adabu, litalila.

Fungu la nyumbani ni sukari, mchele, majani ya chai, mafuta, sabuni. Bibi mpelekee blanketi au kitenge. Watoto ni wengi kuliko ulioambiwa, kwa hiyo beba biskuti za katoni na usihesabu vichwa. Na mgeni abebe kitu cha kwao. Mimi nilipeleka nazi na viungo vya Muheza, hiliki na mdalasini, vitu ambavyo nyumbani kwetu havina ajabu. Mama mkwe alivigawa kwa majirani kwa mafungu madogo madogo akisema "ni vya kwao mkamwana," na kwa siku tatu nikawa nasimamishwa njiani kuulizwa tui linakamuliwaje. Ndizi usipeleke.

Chenjini noti ndogo Dar. Mkifika tayari mna elfu kumi kumi tupu, kila salamu itawagharimu elfu kumi.

Barabara, na mahali pa kushuka

Kutoka Dar ni kama kilomita 560: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Himo. Hesabuni saa tisa hadi kumi kwa siku za kawaida, na Desemba msimwahidi mtu chakula cha jioni. Kwa gari binafsi, vijiji vina alama za 50 na tochi za trafiki za kupima mwendo ziko nyuma ya miti. Heshimuni 50 mpaka mwishoni mwa kijiji, si mpaka mwishoni mwa nyumba. Mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku tangu 2023, ila kwa mara ya kwanza nendeni mchana. Mkae upande wa kulia. Kuanzia Korogwe milima ya Usambara inawasindikiza, kisha Upare, na mkishapita Same kaeni macho: anga ikiwa wazi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, itachungulia juu ya mawingu, mahali ambapo hamkutegemea kuona ardhi.

Wageni wengi hupoteza saa mbili kwa kwenda mpaka stendi ya Moshi wakati kwao ni huku nyuma. Marangu, Mwika, Mamba, Kilema na Rombo mnashukia Himo na kupanda kulia. Kibosho na Uru mnafika mjini kwanza. Machame mnapita mji, mnashika barabara ya Arusha, halafu mnakata kulia kupandisha mlimani. Muulize mwenye kwao. Kama na yeye hajui, apige simu kabla hamjapita Mwanga.

Bebeni sweta na viatu vya kukanyaga tope. Moshi mjini ni joto, lakini juu Marangu usiku wa Desemba unataka blanketi, na mvua ya mlimani haiombi ruhusa kwa ile ya mjini.

Siku ya kwanza na ya pili

Fikeni, mle, mlale. Asubuhi amkeni saa kumi na mbili mkauone mlima, kwa sababu saa tatu au nne mawingu yameshaufunika na huenda msiuone tena mpaka jioni. Nimeona watu wamekaa wiki wakiamka saa tatu, wakarudi Dar wakisema Kilimanjaro haukuwepo.

Salamu zianzie kwa mkubwa. Usipite nyumba ya baba mkubwa ukaanzia kwa rafiki hata kama rafiki yuko njiani. Mgeni ajifunze "aika", asante, na hiyo peke yake itamfungulia milango. Zaidi ya hapo ajifunze kwa mama wa nyumba husika, kwa sababu Kichaga cha Machame na cha Rombo havielewani kirahisi, na maneno uliyofundishwa na rafiki wa Kibosho yatawachekesha watu wa Marangu.

Mbege italetwa. Ni ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke, zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, pamoja na gome la msesewe linaloleta uchungu. Anayekukaribisha huonja kwanza ndipo akupe. Pokea kwa mikono miwili, kunywa kidogo, mpe wa pembeni yako. Pumba za ulezi zinazoelea si uchafu. Na kama hunywi, sema hunywi, utaletewa chai. Nyama ya mbuzi nayo usijichagulie. Kila sehemu ina mwenyewe kwa mila, na kipande ulichokitamani huenda ni cha babu.

Kihamba: tengeni asubuhi nzima

Nyumba zote nyingine za salamu mnaweza kuzifupisha. Hii msiifupishe. Kihamba ni shamba la nyumbani, lile la ukoo, na kama mmekuja kuona asili, asili yenyewe ndiyo hiyo; vibanda vya utamaduni vya watalii vinaiga tu.

Mwombeni mzee mmoja anayejua, siku mbili kabla, kwa adabu, mkiwa na sukari mkononi. Si lazima awe baba wa nyumba. Kwetu ni baba mdogo, kitinda mimba, kwa sababu kwa mila ya Kichaga nyumba ya wazazi hubaki kwa mtoto wa mwisho, naye ndiye aliyebaki na habari zake. Wa kwanza hupewa kihamba chake mapema. Wa katikati hutafuta. Mume wangu ni wa katikati. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini kila mara tukiongelea kujenga anabadilisha mazungumzo. Nilijibiwa na mgomba.

Ilikuwa saa moja na nusu, safari yetu ya pili, umande haujakauka. Baba mdogo alikuwa na panga ambalo hakukata nalo kitu, alilitumia kuonyeshea. Juu miti mirefu ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na karibu na mfereji magimbi. Akatutajia migomba kwa majina kama anaita watoto: huu mshare, wa mtori, ule wa mbege, huu aliupanda mama yako mwaka uliozaliwa. Kahawa nyingi ni za babu, aliyeuza kwenye chama cha msingi chini ya KNCU, ushirika ulioanza mwaka 1933. Mfereji unatoka juu, kwenye kijito, umechimbwa kwa mkono na watu ambao hakuna anayewakumbuka majina, na maji bado ni ya zamu.

Halafu tukafika kwenye mstari wa sale. Ni mmea wa majani membamba marefu, mtu wa mjini angeuita ua la urembo. Akasimama. "Tunaishia hapa. Kule ni kwa baba mkubwa." Hakuna ukuta wala waya, ni sale tu, na hakuna anayethubutu kuing'oa. Akachuma jani moja, akalifunga fundo, akampa mume wangu. Ukimkosea mtu ukampelekea sale, akasema, anatakiwa asamehe. Mume wangu alilipokea akakaa kimya muda mrefu. Sikuuliza. Jioni nikamwona anaelekea kwa baba mkubwa, na jani mkononi.

Makaburi yapo humo humo. Mapya yana vigae na picha, ya zamani zaidi yana jiwe na sale tu. Mgeni atambulishwe, kwetu baba mdogo alisimama, akasema jina langu, akasema nimetoka Muheza, basi.

Mambo ya kuuliza mkiwa huko: nani alikuja hapa kwanza na alitoka wapi, kihamba kimegawanywa mara ngapi, mipaka iko wapi, mfereji una zamu gani, nani amezikwa kwenye kaburi lisilo na jina. Rekodini sauti kwa simu, ila ombeni kwanza. Mkirudi ndani choreni ramani siku hiyo hiyo, wakati miguu bado inakumbuka.

Wawili mliokulia mjini, ambao hamna wa kuwatembeza, anzeni kwa mwenyekiti wa kitongoji au wazee wa kanisa au msikiti wa eneo hilo mkiwa na jina la ukoo na jina la babu. Uchagani jina la ukoo mara nyingi linatosha kujulisha mtu kwao ni tarafa gani, na mzee yeyote sokoni Mwika au Marangu Mtoni atakuambia ni kijiji gani kabla hajamaliza kukusalimia.

Sikukuu, mnada na kikao

Siku ya Krismasi hamjipangii, mnapangiwa. Jihadharini na mnada baada ya ibada: waliokosa fedha taslimu wametoa sadaka ya ndizi, mayai, kuku, na vitu hivyo huuzwa nje ya kanisa kwa shangwe. Mtu wa Dar akinyanyua mkono bei hupanda yenyewe. Tulinunua jogoo kwa bei ya mbuzi, na jioni mama mkwe akatuambia alikuwa wa jirani, tungemwomba tu.

Kikao cha ukoo huwa baada ya Krismasi. Mgeni anakaa, anasikiliza, hachangii hoja. Wawili mkubaliane kiwango chenu cha michango usiku uliotangulia, na msikiongeze mbele ya watu.

Siku zenu wawili

Siku mbili angalau, zitangazwe tangu mwanzo, na mlale nje ya nyumbani. Mkisema "tutatoka kidogo" mtaongezewa abiria wanne.

Mnaopenda kutembea, ingieni lango la Marangu mpande mpaka Mandara, kituo cha kwanza cha kulala wapanda mlima, mita 2,720, mrudi siku hiyo hiyo. Njia ni msitu mtupu, kama kilomita nane kwenda. Chukueni vitambulisho vya taifa, kwa sababu raia hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni wa nje. Wasiopenda kupanda waende maporomoko ya Materuni, Uru, ambako watakaangiwa kahawa na kuitwanga wenyewe, au chemchemi za Chemka upande wa Hai, maji ya buluu chini ya mizizi ya mitini. Chemka nendeni siku ya kazi, asubuhi; mwisho wa wiki wa Desemba Moshi nzima iko majini.

Old Moshi upo mti ambako Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa hapo, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Haichukui saa moja. Mwenye kwao aliyesoma historia ya Ulaya darasani na hajawahi kusimama hapo, asimame.

Arusha ni kilomita 80 tu. Tulijaribu kuiingiza siku moja tukaishia kuona foleni ya Tengeru. Iwekeni safari nyingine.

Mizigo ya kurudi

Mje na begi moja tupu. Mtapewa mkungu, maparachichi, kahawa ya kukaanga, pengine kuku hai mwenye miguu iliyofungwa kwa kamba ya mgomba. Mkungu ufungwe kwenye gunia na uandikwe jina, kwa sababu kwenye buti la basi la Januari mikungu yote inafanana.

Mbege mkipewa dumu, msilijaze na msikaze kifuniko. Inaendelea kuchachuka njiani, na joto la Same si baridi ya Marangu. Sisi tulijaza, tukakaza, tukaweka kwenye rafu ya juu. Ilipasuka karibu na Mombo.